Urithi wa Heshima na Urithi wa Kinyongo: Maisha ya Mganwa Louis Rwagasore

Wahenga walisema kwamba uungwana ni kitendo. Maana yake ni kuwa mtu hapimwi kwa tumbo lililomzaa wala kwa wingi wa ng'ombe wa baba yake. Hupimwa kwa lile alitendalo mbele ya wenziwe. Msemo huu hutajwa sana majumbani mwetu, hasa mtoto anapokosa adabu mbele ya wageni. Lakini ni mara chache mno tunapoupima kwa maisha ya mtu aliyezaliwa muungwana kweli kweli, katika nyumba ya kifalme, akapewa nafasi ya kuchagua kama ataketi juu ya heshima ya wazee wake au ataifanyia kazi. Juma hili, ndugu msomaji, ukurasa wetu wa nyumbani unamtazama mtu wa namna hiyo: Mganwa Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyeishi miaka 29 tu.

Hapa kwetu Cibitoke, nami nasema Cibitoke ya mjini Bujumbura, si ile ya mpakani kaskazini-magharibi mwa nchi, watoto hulijua jina lake kabla ya kujua kusoma. Hulisikia kila mwaka tarehe 13 Oktoba, siku ambayo shule na ofisi hufungwa. Huiona sura yake katika noti. Wakipelekwa mjini kutibiwa, pengine hupelekwa katika hospitali iliyopewa jina lake. Lakini ukimwuliza mtoto, "Rwagasore alifanya nini?" atakujibu kwamba alileta uhuru, kisha akauawa. Jibu hilo ni la kweli, ila ni fupi mno. Halisemi aliuawa kwa ugomvi gani, wala halisemi kwamba ugomvi ule ulizaliwa ndani ya ukoo mmoja, ukarithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu kama vile shamba linavyorithishwa. Sehemu hiyo ya habari ndiyo inayotuhusu sisi wazazi.

NYUMBA MBILI ZA UKOO MMOJA

Katika Burundi ya kale mtawala mkuu aliitwa mwami, na watu wa uzao wa kifalme waliitwa waganwa. Waganwa walikuwa tabaka la peke yao. Hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi, na wao ndio waliogawiwa nchi waitawale kwa niaba ya mwami. Wafalme walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Kwa hiyo kila mwami alipofariki, wanawe na wajukuu wake walibaki wakiitwa kwa jina lake. Wazao wa Ntare waliitwa Batare, na wazao wa Mwezi waliitwa Bezi.

Ntare Rugamba, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliipanua sana nchi, akawapa wanawe wakubwa mikoa ya kutawala. Alipokufa, kiti cha enzi kilikwenda kwa mwanawe aliyekuwa bado mdogo, ambaye alichukua jina la Mwezi na kujulikana kama Mwezi Gisabo. Kaka zake walikuwa watu wazima wenye majeshi na ng'ombe. Mwezi alitawala zaidi ya nusu karne, hadi mwaka 1908, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kuwanyang'anya Batare mashamba na vilima ili awape wanawe mwenyewe. Hapo ndipo kinyongo kilipoota mizizi. Bezi walisema, "Sisi ndio wenye kiti." Batare walisema, "Sisi ndio wakubwa wenu, nanyi mmetudhulumu."

Wazungu walipofika waliukuta ufa huo ukiwa wazi, nao hawakuchelewa kuutumia. Wajerumani walipokuja kumshinda Mwezi Gisabo mwaka 1903, waliongozana na Wabarundi waliokuwa na ugomvi naye, mmoja wao akiwa Maconco, mkwewe aliyemwoa binti yake. Tarehe 6 Juni mwaka huo Mwezi alilazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda, akatozwa ng'ombe 424 na kuwatambua maadui zake kuwa watawala wa sehemu zao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Wabelgiji. Wao waliwaacha Bezi kwenye kiti cha umwami, lakini waliwainua tena baadhi ya Batare. Aliyependwa kuliko wote alikuwa mtawala Pierre Baranyanka, mtu hodari wa kazi aliyekuwa miongoni mwa waliotangulia kustawisha kahawa katika sehemu za kaskazini.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Burundi peke yake. Huko Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, mambo kama haya yalitokea zaidi ya miaka 700 iliyopita. Ufalme ulipokosa mrithi mwaka 1290, nyumba kubwa za watukufu ziligombea kiti, na mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaombwa awe mwamuzi. Mwaka 1292 alimpa kiti John Balliol, na miaka minne baadaye akaivamia nchi yenyewe. Watukufu wakagawanyika: leo huyu yuko upande wa Mwingereza, kesho yuko upande mwingine. Tarehe 10 Februari 1306 Robert Bruce alikutana na mpinzani wake John Comyn, mpwa wa Balliol, ndani ya kanisa mjini Dumfries. Maneno yalipopamba moto, Comyn alichomwa kisu mbele ya madhabahu. Bruce alipata ufalme mwaka ule ule, na hatimaye akawashinda Waingereza, lakini kwanza ilimbidi apigane na Waskoti wenzake wa ukoo wa Comyn na kuyachoma moto mashamba yao. Nyumba mbili za nchi moja zikivutana, mgeni hupata mlango wa kuingilia.

MTOTO WA MWAMI SHULENI

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Baba yake, Mwambutsa, alikuwa mjukuu wa Mwezi Gisabo, na alitawazwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Basi Rwagasore alizaliwa Mwezi halisi, katika nyumba iliyoshika kiti.

Mwaka 1945 alipelekwa katika shule kubwa ya Astrida, ambayo leo ni Butare nchini Rwanda. Huko Wabelgiji walikuwa wakiwafundisha vijana wa Rwanda na Burundi, hasa wana wa watawala, ili wawe makarani na wasaidizi wa serikali. Alikaa huko hadi mwaka 1951, kisha akapelekwa Ubelgiji kusoma katika chuo cha mambo ya makoloni mjini Antwerp. Hakumaliza masomo yake. Alirudi nyumbani katikati ya miaka ya hamsini akiwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye jina kubwa lakini asiye na shahada mkononi.

Kwa mtu wa daraja lake, njia ilikuwa imekwisha kuchorwa. Angesubiri apewe sehemu ya kutawala, ajengewe nyumba ya matofali, anunuliwe gari, na siku zipite. Naam, baadaye Wabelgiji walimpa utawala wa Butanyerera, upande wa Ngozi, mbali na mji. Walitumaini kwamba huko atatulia. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuangukia mahali pengine.

MWANA WA MFALME NA WACHUUZI WA BUYENZI

Mahali hapo palikuwa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule, na hasa mtaa wa Buyenzi. Wakazi wake walikuwa Waswahili, yaani Waislamu wengi wao, wenye asili ya Manyema, Ujiji, Kigoma na kwingineko, pamoja na Wabarundi waliohamia mjini. Lugha yao ilikuwa hii yetu ya Kiswahili. Walikuwa mafundi cherehani, madereva, wauza samaki na wauza vitenge. Serikali ya kikoloni haikuwapenda sana. Kwa kuwa hawakuwa chini ya watawala wa milimani, ilikuwa vigumu kuwaamrisha. Biashara ya jumla nayo ilishikwa na Wazungu, Wagiriki na Waasia. Mchuuzi wa Buyenzi alinunua sukari, chumvi, nguo na mafuta ya taa kwa bei aliyopangiwa, akauza rejareja, akabaki na faida ndogo mno.

Mwezi Juni mwaka 1957 Rwagasore alishirikiana na wafanyabiashara hao kuanzisha chama cha ushirika cha wachuuzi wa Bujumbura. Hebu tufikiri kidogo uzito wa jambo hilo. Mwana wa mwami, ambaye watu walimpigia makofi ya heshima alipopita, aliketi na wauza vitenge kuzungumza habari za hisa, mizigo na hesabu. Wapo waliosema kwamba amejishusha. Yeye aliona kwamba uhuru wa bendera hautamfaa mtu ambaye hata bei ya chumvi anapangiwa na mwingine.

Kanuni ya ushirika ni rahisi, na inafaa ielezwe kwa faida ya vijana. Watu wengi wenye fedha kidogo kidogo huziweka pamoja kwa njia ya hisa. Kwa fedha hizo hununua bidhaa kwa wingi na kwa bei ya jumla, jambo ambalo mmoja wao peke yake asingeliweza. Huziuza kwa bei nafuu, na mwisho wa mwaka faida hugawanywa kwa wanachama. Kila mwanachama, awe tajiri au maskini, ana kura moja. Ndiyo maana ushirika ni shule ya kujitawala. Huwezi kumfundisha mtu kuchagua wabunge ikiwa hajapata kumchagua mweka hazina wa duka.

Lakini kanuni rahisi si lazima iwe kazi rahisi. Ushirika ule ulikua upesi mno, ukanunua zaidi ya uwezo wake, ukaingia katika madeni makubwa. Kabla mwaka wa pili haujaisha ulikuwa taabani. Serikali ya kikoloni, ambayo tangu mwanzo iliuangalia kwa jicho la shaka, ilipata sababu ya kuingilia kati na kuuweka chini ya usimamizi. Hili tusilifiche kwa kuwa mwenyewe ni shujaa wetu. Moyo mwema haujazi pengo la daftari lisilotunzwa. Hata hivyo kitu kimoja hakikupotea. Wachuuzi na wapagazi wa Buyenzi walikuwa wamemjua yule kijana, naye amewajua. Alipoingia katika siasa, wao ndio waliokuwa wa kwanza kumfuata. Kwa njia yao, na kwa lugha yao, habari zake zilisafiri kutoka soko hadi soko, kando ya ziwa hadi Kigoma, ambako watu wa TANU ya Mwalimu Nyerere walikuwa tayari kumsaidia.

CHAMA CHA UMOJA NA CHAMA CHA WAPINZANI

Chama alichokiongoza ni UPRONA, yaani chama cha umoja na maendeleo ya taifa, kilichoundwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kilidai uhuru wa mapema chini ya mwami. Ndani yake walikuwamo waganwa, Watutsi, Wahutu na Waswahili. Wasaidizi wake wakubwa walikuwa Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, na alikuwapo pia André Muhirwa, ambaye jina lake msomaji alikumbuke. Muhirwa alikuwa wa ukoo wa Batare, naye alimwoa dada yake Rwagasore. Basi ndani ya UPRONA, Mwezi na Mtare walikuwa shemeji waliokaa meza moja. Kinyongo cha miaka mia moja hakikuwa amri ya Mungu. Aliyetaka kukiweka chini aliweza kukiweka chini.

Upande wa pili kilisimama chama cha PDC, kilichoongozwa na wana wawili wa Baranyanka, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli. Hao nao walikuwa vijana wenye elimu nzuri. Biroli hasa alikuwa msomi aliyefika vyuo vya Ulaya. Walitaka mambo yaende polepole, na Wabelgiji waliwaunga mkono. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku jamaa wa karibu wa mwami kushika uongozi wa kisiasa, ikijua vema ni nani atakayeguswa na amri hiyo. Rwagasore akabaki kuitwa mshauri tu wa chama chake. Mwishoni mwa Oktoba 1960 aliwekwa kizuizini huko Bururi, akakaa humo hadi mapema Desemba. Uchaguzi wa madiwani ulifanyika mwezi Novemba, yaani wakati yeye amefungiwa. PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA ilipata 545.

Umoja wa Mataifa ulipoingilia kati, vizuizi vililegezwa, na uchaguzi wa Bunge ukapangwa tarehe 18 Septemba 1961. Safari hii mambo yalikuwa mengine kabisa. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64.

Usiku wa ushindi ndio hupima uungwana wa mtu, maana aliyeshindwa yu uchi na aliyeshinda ana fimbo mkononi. Rwagasore alipozungumza na wananchi hakuita watu walipize kisasi. Aliwaomba watulie, akasema kwamba ushindi ule ulikuwa wa amani na utaratibu, na kwamba wao wenyewe watakuja kuihukumu serikali yake kwa matendo yake. Tazama jinsi maneno hayo yanavyokwenda sambamba na ule msemo wa wahenga tulioanza nao. Mwana wa mwami hakusema, "Nihukumuni kwa jina la baba yangu." Mwishoni mwa mwezi huo alishika cheo cha Waziri Mkuu, akaunda serikali yenye Wahutu na Watutsi, Bezi na Batare. Ngendandumwe alikuwa naibu wake, na shemejiye Muhirwa akapewa wizara ya mambo ya ndani.

USIKU WA TAREHE 13 OKTOBA

Aliitumikia nchi kwa muda wa majuma mawili tu. Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961, jioni, alikuwa akila chakula pamoja na wenzake katika baraza ya Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Katika vichaka vya bustani alijificha Mgiriki mmoja aitwaye Jean Kageorgis, mwenye bunduki. Alifyatua risasi moja. Rwagasore akafa papo hapo.

Kageorgis alikamatwa baada ya siku chache, na upelelezi ukaenda moja kwa moja hadi kwa viongozi wa PDC. Alihukumiwa na mahakama ya Wabelgiji, akauawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya Burundi kupata uhuru tarehe 1 Julai. Wenziwe walihukumiwa upya chini ya serikali huru. Tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani mjini Gitega. Wawili kati yao walikuwa Ntidendereza na Biroli, wana wa Baranyanka. Juu ya sehemu waliyokuwa nayo maofisa wa Kibelgiji katika njama ile, maneno hayajaisha. Mwaka 2018 serikali ya Burundi ilitamka rasmi kwamba Ubelgiji ndiyo iliyokuwa nyuma ya mauaji hayo. Lakini hata kama mkono wa mgeni ulikuwamo, ulipita katika ule ufa wa zamani. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kutoka ndani.

HESABU YA KINYONGO

Sasa, ndugu msomaji, tuketi chini tufanye hesabu kama mama wa nyumbani afanyavyo hesabu ya mwisho wa mwezi. Kinyongo kile kilimlipa nini kila mmoja?

Nyumba ya Baranyanka, iliyokuwa na wana waliosoma kuliko karibu wote katika nchi, iliwapoteza wawili katika siku moja, na jina lake likaingia katika historia kwa mlango mbaya.

Nyumba ya Mwambutsa ilimpoteza mwana mkubwa. Baba yake alikimbia nchi baadaye, akanyang'anywa kiti mwaka 1966 na mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, ambaye naye hakukaa hata miezi sita kabla ya kupinduliwa na jeshi. Ndizeye aliuawa Gitega mwaka 1972. Mwambutsa alifia ugenini Uswisi mwaka 1977. Umwami uliogombewa kwa karne nzima haukubaki kwa Bezi wala kwa Batare.

Na mjane? Marie-Rose Ntamikevyo alikuwa ameolewa na Rwagasore tarehe 12 Septemba 1959. Hawakutimiza miaka mitatu ya ndoa, na katika muda huo mfupi mume alikuwa kizuizini, safarini au katika mikutano. Walijaliwa mabinti wawili, na wote wawili walifariki wakiwa wachanga. Katika vitabu vya siasa mama huyu hupewa mstari mmoja tu. Katika ukurasa huu wa nyumbani haifai tumpite haraka. Wanaume walipokuwa wakigombea jina la babu, ni yeye aliyebaki na nyumba tupu.

Hesabu ya nchi nayo ni kubwa zaidi. Chama kilichoitwa cha umoja kilimpoteza mtu aliyekuwa akiwaunganisha watu wake, na viongozi waliobaki walianza kuvutana juu ya nani atashika nafasi yake. Ngendandumwe aliuawa tarehe 15 Januari 1965, Mirerekano mwaka huo huo. Ugomvi uliokuwa baina ya nyumba mbili za waganwa ukahama, ukawa baina ya Mhutu na Mtutsi, ukaingia milimani na mitaani. Sisi wa Cibitoke hatuhitaji kusimuliwa. Miaka ya tisini iligawanya mitaa yetu, majirani waliochota maji kwenye bomba moja wakahamana, na nyumba nyingi zikabaki kuta. Haikuwa tena habari ya Bezi na Batare, lakini ilikuwa mbegu ya aina ile ile: mtoto akirithishwa adui ambaye yeye mwenyewe hajapata kukosana naye.

SOMO KWA NYUMBA ZETU

Leo majirani wamerudi, wengine wamejenga upya, na barabara zetu za namba zimejaa watoto wanaocheza bila kuulizana ukoo. Ni juu yetu wazazi kulinda hali hiyo. Katika maisha ya Mganwa Rwagasore naona mambo matatu yanayoweza kuingia katika nyumba yoyote, hata isiyo na jina kubwa.

La kwanza ni kuchagua urithi. Kila mzazi humwachia mtoto vitu viwili: heshima na vinyongo. Heshima huachwa kwa kusema, "Babu yako aliwatendea watu hivi na hivi." Kinyongo huachwa kwa kusema, "Wale watu wa nyumba ile hawatufai." Mara nyingi maneno hayo ya pili hutoka bila kufikiri, jioni, jikoni, wakati mama anapochambua maharagwe na mtoto anasikiliza. Tukumbuke kwamba mtoto husahau hesabu aliyofundishwa shuleni, lakini jina la adui aliloambiwa nyumbani halisahau. Lililotokea kweli litasimuliwa, maana watoto wana haki ya kuijua historia yao. Ila tusimulie aliyetenda na alichotenda, tusiutwike ukoo mzima.

La pili ni kuheshimu kazi ndogo. Ikiwa mwana wa mwami aliweza kuketi na wauza vitenge wa Buyenzi, kijana aliyemaliza sekondari hawezi kusema kwamba kuuza ndagala au kushona nguo ni kazi ya kumvunjia heshima. Aibu iko katika kukaa bure huku mama akihangaika sokoni.

La tatu ni daftari. Siku hizi akina mama wa mtaa wetu wana vikundi vya kuweka na kukopeshana, na vingi vinakwenda vizuri. Ushirika wa mwaka 1957 ulikuwa na jina kubwa mbele yake na bado ulizama katika madeni. Basi kila kikundi kiandike kila faranga inayoingia na inayotoka siku ile ile, mbele ya watu, na daftari lisomwe kwa sauti katika kila mkutano. Asikopeshwe mtu kwa sababu ya cheo chake. Mwenye kushika fedha asiwe yeye yule mwenye kushika kalamu. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini uaminifu mkubwa hujengwa kwa matofali madogo.

Rwagasore amelazwa Vugizo, juu ya kilima kinachoutazama mji na ziwa, chini ya maneno matatu ambayo ni wito wa taifa letu: Umoja, Kazi, Maendeleo. Oktoba ijayo ukimpeleka mtoto huko, mwoneshe kutoka juu mitaa yote iliyotandazwa chini: Buyenzi, Bwiza, Ngagara, Kamenge, Cibitoke. Mwambie kwamba aliyelala hapo angaliweza kuishi maisha yake yote bila kuijua hata mmoja, na hakuna ambaye angalimlaumu.